Kurasa Tupu za Don Leland

Marigold ilivutwa hadi Santa Brígida na mashua mbili za wavuvi, Jumanne ya mwisho ya Aprili, saa tano asubuhi, jua limekwisha kuanza kung'ata. Nilikuwa nimekaa gatini nakula chapati yangu ya nyama kavu. Niliona boti ya tanga ya kijani, safi, na mbele yake amesimama mwanamke mrefu, mvi zimekatwa fupi kama za askari, akiwaelekeza wavuvi kwa kidole kimoja bila kupaza sauti. Nyuma, kwenye usukani, alikaa mzee mnene mwenye kofia ya majani, akitupungia mkono watu wote wa gatini kama bwana harusi.

"Wewe fundi?" aliniuliza kwa Kihispania chake. Nitakisema kama alivyokisema yeye, maana bila hicho humjui Don Leland, yaani Bwana Leland kwa namna yetu. "Mimi nina injini mzuri. Lakini yeye hapana kwenda. Yeye anaimba tu."

"Ngoja nikausikilize huo wimbo, Don," nikamjibu.

Niliingia chini, nikafungua giaboksi. Oili ilitoka nyeupe yenye uwekundu, kama maziwa ya stroberi. Kipoozeo kilikuwa kimetoboka, maji ya chumvi yakaingia ndani na kulala humo siku nyingi. Meno yalikuwa yameliwa. Nimefanya kazi San Diego miaka kumi na mbili na Kiingereza changu kinatosha, kwa hiyo nilimgeukia yule mwanamke, aliyekuwa amechuchumaa ngazini akinitazama mikono.

"Imekufa, Doña."

"Imekufa au inaumwa?"

"Imekufa."

"Basi usitubembeleze," akasema. "Tuandikie namba, tuagize nyingine."

Huyo alikuwa Ardith Fosbery. Walitoka Kanada, upande wa magharibi kwenye mvua. Ardith alikuwa amefanya kazi kwenye vivuko miaka ishirini na sita, akaishia kuwa msaidizi wa nahodha. Mumewe alifundisha useremala shuleni. Katika ndoa yao kila mtu alikuwa na eneo lake, na Don Leland alipenda kulitangaza: "Bahari ni yake Ardith. Karatasi ni yangu." Kwa hiyo ingawa aliyeendesha boti ni mke, boti iliandikwa jina la mume, na kibali cha muda cha kukaa na boti hiyo nchini kwetu kilikuwa na jina la mume. Kibali hicho ndicho kinachoruhusu kipuri cha boti kuingia bila ushuru. Nao walikuwa na haraka. Kuanzia Juni vimbunga huanza kuzaliwa kusini, na ghuba yetu iko wazi upande huohuo. Kila boti inayojipenda hupanda kaskazini hadi Bahía Tordillo, ikanyanyuliwa na kuwekwa nchi kavu. Mlango wa kuingilia Tordillo ni mwembamba na una mkondo mkali. Huwezi kuuingia kwa tanga peke yake. Na hakuna mvuvi wa mashua ndogo atakayekubali kukuvuta maili mia mbili.

Giaboksi ilifika forodhani tarehe kumi na mbili Mei, kwa ndege. Siku hiyo Don Leland alininunulia bia. Tukadhani kazi imekwisha.

Ofisi ya forodha ya Santa Brígida iko mbali na bandari, kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Ni jengo lenye feni mbili, na moja haizunguki. Ndani kuna benchi ndefu ya mbao na madirisha mawili. Dirisha la kwanza lilikuwa la Licenciado, kama tunavyowaita wasomi wa ofisini, Heriberto Tánori. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, shati jeupe lililopigwa pasi, glasi ya maji imefunikwa kisosi, kalamu mbili zimelala sambamba. Watu walimwogopa kwa sababu hakuwa mla rushwa. Mla rushwa unajua pa kumshika. Niliwahi kuweka noti ndani ya faili miaka ya nyuma, aliitoa kwa ncha za vidole, akanirudishia, akasema, "Umesahau alama ya kitabu chako, fundi." Faili lile lilichukua wiki tano.

Safari ya kwanza tulikwenda wote wawili kwa gari langu. Tánori alisoma ankara, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hapa hapana jina la boti."

"Boti ni jina lake Marigold," Don Leland akasema, akitabasamu. "Yeye mzuri sana. Wewe kuja kuona."

"Sijasema boti haina jina, bwana. Nimesema ankara haina."

Ankara ikarudi Vancouver, ikaandikwa upya. Wiki moja. Safari ya pili, namba ya kibali ilikosewa tarakimu moja. Siku sita. Safari ya tatu, tafsiri ilitakiwa ifanywe na mtafsiri aliyesajiliwa, naye aliyesajiliwa anaishi mji mwingine na alikuwa anamwoza binti. Safari ya nne, ilipungua barua ya bandari. Don Leland alichukua yote hayo kwa utulivu ulionikera. Alikuwa na bahasha ya plastiki ya buluu, kila kitu kimepangwa kwa tarehe, na kila akirudishwa alikuwa anasema asante kwanza halafu ndipo anauliza nini kimepungua.

Nje ya lango alikuwa anauza burito, chapati za kukunja, Doña Tencha, mwanamke mwenye ulimi.

"Umerudi tena, Don Lilan?" alikuwa anamwita hivyo. "Wewe sasa si mgeni tena, tukuandikishe kupiga kura."

"Mimi kurudi. Licenciado ananipenda mimi."

"Anakupenda, ndiyo! Kwetu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyo akianza kuwahudumia watu upesi, mimi nitapona na nini? Kula hii ya maharagwe, umekonda."

Hakuwa amekonda. Lakini nilianza kuona miguu yake imevimba juu ya soksi, na kwamba akipanda zile ngazi tano za forodha husimama kwenye ya tatu akijifanya anasoma tangazo ukutani. Nikamwambia Ardith. Akasema anajua, moyo wake una miaka minne unamsumbua, ana vidonge. "Mimi nilitaka niende badala yake," aliniambia. "Amekataa. Anasema nikienda mimi nitampiga mtu."

Tarehe nne Juni tulikwenda safari ya tano. Kila kitu kilikuwa sawa: ankara, kibali, tafsiri, barua ya bandari. Tánori alipitisha kidole chini ya kila mstari, na nilishaona anaivuta pedi ya muhuri karibu yake. Halafu akafungua nakala ya pasipoti.

"Huu ni ukurasa wa picha peke yake."

"Ndiyo. Picha ni mimi. Sura mbaya, lakini mimi."

"Nahitaji kurasa zote."

"Lakini nyingine ni tupu, Licenciado," nikaingilia. "Pasipoti ni mpya. Haina kitu ndani zaidi ya muhuri mmoja wa kuingilia."

"Basi nahitaji nakala za utupu wake, fundi. Zote. Lete kesho, nitagonga muhuri kesho."

Don Leland akacheka. Kweli, alicheka hadi akashika ukingo wa dirisha. "Nzuri," akasema. "Kesho mimi kuleta hakuna kitu, kurasa thelathini."

Kesho yake nilikuwa nimeahidi kushusha mlingoti wa boti nyingine, winchi imekodiwa kwa saa, watu wanne wananisubiri. Don Leland alipita gatini saa tatu, bahasha ya buluu kwapani.

"Leo sisi hapana kwenda pamoja?"

"Leo nimebanwa, Don. Panda basi la saa nne. Ni kupata muhuri tu, dakika mbili. Jioni nakuja tunalibeba sanduku."

"Mimi mwanaume mkubwa," akasema. "Mimi naweza basi."

Joto siku hiyo lilipita nyuzi arobaini na tatu. Duka la fotokopi la karibu na forodha mashine yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo alitembea hadi la pili, karibu na kituo cha mafuta, akarudi kwa miguu. Doña Tencha alimwona akipita uso umekuwa rangi ya majivu, akamwita aje akae kivulini anywe maji. Don Leland akamwonyesha bahasha na kumwambia atakunywa akitoka. Alichukua namba hamsini na mbili, akakaa kwenye benchi chini ya ile feni isiyozunguka.

Yaliyobaki nilisimuliwa na watu watatu na wote walisema jambo moja. Namba hamsini na mbili iliitwa. Haikujibiwa. Tánori akaita mara ya pili, na ya tatu, akichungulia juu ya miwani. Alimwona mzee amelaza kidevu kifuani, akadhani amesinzia kama wazee wanavyosinzia kwenye mabenchi. Akaita hamsini na tatu. Akaita hamsini na nne. Alipoita hamsini na tano, ile bahasha iliteleza magotini, karatasi zikamwagika sakafuni, na mwanamke aliyekaa jirani akainama kumsaidia kuziokota, akamgusa mkono.

Nilimkuta Ardith akisugua sitaha. Sikujua namna ya kusema, nikasema tu ni habari ya Don Leland. Akaweka brashi chini.

"Amekufa au anaumwa?" aliuliza.

Mpaka leo sijui kama alijua anarudia maneno yake ya siku ile. Nadhani hakujua. Nikamwambia.

Huku kwetu maiti haingoji. Ubalozi mdogo ulisema kwa simu kwamba kumsafirisha kutachukua wiki mbili, Ardith akasema hapana, atalala hapa. Tukamzika kesho yake saa kumi jioni kwenye makaburi ya manispaa, mimi, mke wangu, wavuvi wale wa mashua mbili, na Doña Tencha aliyefunga biashara. Ardith hakulia. Alishika kamba ya jeneza pamoja na wanaume na kuiachia kidogo kidogo, sawasawa, kama mtu anayejua kamba.

Jumatatu akaja karakanani kwangu. "Nipeleke kule," akasema.

Tánori aliposikia jina alisimama. Sijawahi kumwona akimsimamia mtu. "Doña, pole sana."

"Mwambie nimekuja kuchukua sanduku," Ardith akaniambia, bila kumtazama.

Nikamwambia. Tánori akakaa, akapanga kalamu zake. "Mzigo ni wa marehemu. Kibali ni cha marehemu. Ili nimpe mtu mwingine nahitaji hati ya mahakama ya kwao kwamba yeye ni mrithi, igongwe mihuri inayotakiwa, itafsiriwe."

"Muda gani?" Ardith akauliza nilipomtafsiria.

"Kwa niliowaona mimi, miezi minne."

"Na sanduku litangoja?"

"Mzigo ukikaa siku sitini bila kuchukuliwa," alisema, sasa sauti imeshuka, "unakuwa mali ya serikali."

Nilikuwa na barua mfukoni. Don Leland alikuwa ameniandikia mwezi Mei, amesaini, kwamba mimi Evaristo Bojórquez naweza kupokea mzigo kwa niaba yake. Nikaipiga juu ya kaunta. Tánori aliisoma yote, hata tarehe, kisha akaisukuma taratibu kurudi kwangu.

"Mamlaka haya yalikufa naye, fundi."

"Alikufia hapo nyuma yangu!" nikafoka. "Alikufa akikuletea karatasi tupu! Ukamwita mara tatu kama mbuzi, ukaendelea na foleni! Wewe una damu au una wino?"

Mlinzi akasogea. Ardith akanishika kiwiko. "Twende, Varo," akasema, kwa jina langu la kifupi. Hakuniuliza nilikuwa nimesema nini.

Siku kumi na tatu zikapita. Ardith alifunga matanga ya ziada, akatoa nanga zote tatu, akaanza kuisuka Marigold kwa kamba kama mtu anayemfunga mgonjwa kitandani asianguke. Wote tulijua kamba hazitatosha.

Jumapili, baada ya misa ya saa nne, nikiwa ndani ya boti nasafisha mabaki ya giaboksi ya zamani, nilisikia mtu akigonga ubavuni. Alikuwa Tánori, bila tai, shati la mikono mifupi. Nilikuwa sijawahi kuona viwiko vyake. Aliomba ruhusa ya kupanda. Ardith akampa kwa kichwa tu. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya magoti.

"Fundi, nataka umtafsirie neno kwa neno. Usipunguze."

"Sema."

"Zile kurasa tupu." Akaondoa mikono magotini. "Hazikuhitajika. Baada ya... baada ya siku ile nilifungua mwongozo nikatafuta. Kanuni inasema ukurasa wenye picha na ukurasa wenye muhuri wa kuingia. Basi. Nilipoanza kazi, aliyenipokea alikuwa anaomba kurasa zote, nikadhani ndiyo sheria. Nimeziomba miaka kumi na saba. Ile tarehe nne kila kitu kilikuwa kamili. Angeondoka na mzigo wake."

Ulimi ulikataa. Niliona nikilitamka hili kwa Kiingereza, nitakuwa ninamuua yule mzee mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wangu.

"Anasemaje?" Ardith akauliza.

Nikatafsiri. Neno kwa neno.

Ardith alimtazama Tánori. "Rudia," akasema.

Nikarudia. Akatikisa kichwa kuelekea kwa Tánori. "Si wewe. Yeye. Nataka kuisikia kwake, hata kama sielewi."

Tánori akarudia, na Ardith akamsikiliza hadi mwisho akitazama mdomo wake. Halafu akasimama.

"Mwambie ashuke kwenye boti yangu."

Alipokwisha shuka nilimgeukia kwa hasira. "Doña, ndiyo ilikuwa nafasi! Mtu amekuja na shingo yake mkononi. Ungemwomba sanduku angekupa!"

"Kesho," akasema. "Leo ningemuua."

Kesho yake Ardith hakuchukua namba. Alipita foleni yote mpaka dirishani, mimi nyuma yake, watu wakinung'unika. "Mwambie: wewe ni mtu wa karatasi, na mume wangu alikuwa mtu wa karatasi. Niandikie uliyoyasema jana. Tarehe, jina lako, muhuri."

Nilidhani atakataa. Kukiri botini mbele ya mashahidi wawili ni jambo moja. Kuandika ni jambo jingine. Tánori alivuta karatasi yenye nembo ya ofisi. Aliandika kwa mkono, nusu ukurasa, herufi zake zilezile nadhifu. Mwenzake wa dirisha la pili alisogea, akasoma juu ya bega lake, akamnong'oneza, "Heriberto, una wazimu? Una watoto wewe." Tánori akamaliza sentensi, akasaini, akagonga muhuri. Akatoa nakala kwa ajili ya faili. Hata hapo hakusahau nakala.

Nakala ile ndiyo iliyopanda juu. Alhamisi mkubwa wake alifika kwa ndege kutoka mji mkuu wa mkoa, mama mmoja mwenye sauti tamu na mkoba mzuri wa ngozi. Alitupokea kwenye chumba cha nyuma, akatupa kahawa. Tánori alikuwepo, amesimama karibu na kabati.

"Doña, tumesikitika mno," yule mama alianza. "Nimekuja mwenyewe kwa sababu nataka uondoke na mzigo wako. Kuna tatizo dogo tu. Hii barua."

"Tatizo gani?" nikauliza.

"Barua hii inadai kosa. Ikipokelewa rasmi, mimi sina hiari, lazima nifungue uchunguzi. Na uchunguzi ukifunguliwa, mzigo unakuwa kielelezo. Kielelezo hakitoki bohari mpaka uchunguzi uishe. Mwaka, mwaka na nusu." Akakoroga kahawa yake. "Lakini kama barua haijapokelewa, kama nakala ya kwako na ya faili zote ziko mikononi mwangu, naweza kuutoa mzigo leo hii, kwa sababu za kibinadamu. Ninayo mamlaka hayo."

"Mlikuwa nayo tangu mwanzo?" nikamuuliza. "Hayo mamlaka ya kibinadamu?"

Akanisogezea sukari. Nikamtafsiria Ardith. Alisikiliza, kisha akamwelekezea kidole Tánori pale kwenye kabati. "Yeye anasemaje?"

Tánori akasogea mezani. "Mimi nimeshaandika, Doña. Ni yako. Usiirudishe kwa ajili ya kunisaidia mimi, na usiishike kwa ajili ya kuniumiza."

"Varo. Kimbunga?"

"Kuna kimoja kimezaliwa kusini juzi, Doña. Kina jina tayari."

"Wewe ungefanyaje?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu upesi vile. Nadhani nilikuwa nataka kuifunga ile giaboksi. Nilikuwa nataka jambo moja katika haya yote nilimalize kwa mikono yangu. "Chukua sanduku," nikasema.

Ardith alitoa barua ndani ya bahasha ya buluu ya mumewe. Hakuikunja, hakuitupa. Aliilaza mezani na kuinyoosha pembe moja iliyojikunja. Yule mama hakuichana, kama nilivyotegemea. Aliiweka tu ndani ya mkoba wake, pamoja na ile ya faili, akaufunga kwa kifungo, akamuuliza Ardith kama angependa kahawa zaidi.

Tulilibeba watu wanne. Juu ya sanduku palikuwa na karatasi yenye jina la Don kwa herufi kubwa, Leland A. Fosbery. Ardith aliibandua ile karatasi kwa kisu, polepole, ikatoka nzima, akaingia nayo chini. Nilifunga giaboksi kwa siku tatu. Tulipowasha injini na kuingiza gia, kamba zote za nyuma zilikazika, Marigold ikataka kwenda. Ardith akasema, "Sawa," akateremka chumbani akafunga mlango. Nilimsikia. Niliendelea kukaza boliti ambayo ilikuwa imeshakazwa, nikaikaza tena, mpaka akanyamaza.

Nilikwenda naye hadi Tordillo, safari ya siku nne, maana mtu mmoja hawezi kuingia mlango ule. Siku ya tatu, mchana, bahari tambarare kama sinia, aliniambia bila mimi kuuliza:

"Leland angeirudisha barua ile huku anatabasamu. Angesema asante kwanza."

"Najua, Doña."

"Mimi si Leland. Nilitaka ikae mezani kwa jaji fulani. Nimekiuza kifo chake kwa chuma, Varo."

"Umeokoa boti."

"Boti," akasema. "Ndiyo." Akarekebisha usukani kidogo, ingawa hakukuwa na haja.

Boti ilinyanyuliwa Tordillo, nikarudi kwa basi. Mwezi Julai nilikuwa na mzigo wa mteja mwingine forodhani. Dirisha la kwanza lilikuwa na msichana mgeni. Nilimkuta Tánori nyuma, bohari, akihesabu matairi na vumbi limemjaa shatini. Hawakumfukuza, walimhamisha tu. Nikamuuliza kama angalau zile kurasa zimekoma kuombwa.

"Nilimwachia yule binti mwongozo, nimepiga mstari penye kanuni," akasema. "Anasema dirisha la pili wamemwambia aombe zote, ndivyo inavyofanyika hapa." Akafuta mikono kwenye suruali. "Mzee wa dirisha la pili ana miaka ishirini na moja kazini, fundi. Mimi sasa ni mtu wa matairi."

Nilimsaidia kusogeza tairi moja lililomzidi nguvu, nikaenda zangu.

Kimbunga kikubwa kilitupiga tarehe mbili Septemba. Boti kumi na moja zilizokuwa zimefungwa ghubani zilitupwa juu ya mawe, karakana yangu ikapoteza paa, na Doña Tencha akapoteza kibanda na mkono ukavunjika. Siku tano hapakuwa na simu. Ilipowaka, ya kwanza kuingia ilikuwa ya Ardith. Alikuwa kwao, kwa dada yake. Marigold alikuwa ameiuza mwezi Agosti huko Tordillo kwa kijana mmoja mwalimu na mkewe. Hakurudi hata kuikabidhi, alituma funguo kwa posta.

"Mko hai?" akauliza.

"Tuko hai, Doña. Paa limeondoka. Doña Tencha amevunjika mkono."

"Na yeye?"

Nilikuwa nimekwenda makaburini asubuhi ile ile. Ukuta wa mashariki ulikuwa umelala wote, misalaba mingi imeng'olewa, na mtaro ulikuwa umechimba njia katikati ya safu za zamani. Nikamwambia safu ya Don Leland haikuguswa, ila udongo umeshuka kidogo, na kwamba wiki ijayo nitapeleka toroli mbili za kifusi nijaze.

Aliniuliza umeshuka kiasi gani, nikamwambia kiganja kimoja.

"Usijaze kwa haraka," akasema. "Subiri kwanza mvua zote ziishe, la sivyo utashuka tena." Kisha akaniuliza Doña Tencha amevunjika mkono upi.